Soksi Chini ya Sketi ya Msusi

Msusi wa Asafo, mjini Kumasi, husuka akiwa amesimama tangu asubuhi, vidole vikikimbia na mdomo ukivifukuza. Soksi za kubana alizopewa na nesi zimemwondolea uvimbe wa miguu, lakini huzificha chini ya sketi ndefu, asije akaitwa mgonjwa. Juzi Serwaa, mwalimu anayekaribia kuolewa, alimwambia huku akisukwa, “Mama, nikishinda nimesimama darasani miguu inavimba, inawaka moto. Nafikiria kuacha kazi.” Msusi akaacha kusuka. Kisha akapandisha sketi hadi magotini mbele ya wateja wote.

“Nenda kwa nesi akupime, mwanangu. Uzivae kabla hujashuka kitandani. Mimi jioni narudi nyumbani nikicheza.”

“Na nikishaolewa, mume wangu akiziona?”

“Mwambie akusaidie kuvuta. Zinabana hizo, peke yako huziwezi.”