Uji wa Waliotoka Msibani

Ukitoka msibani usiende nyumbani moja kwa moja. Hilo Wafilipino wa Mtaa wa Sargent hawakufundishwa na mtu, walizaliwa nalo. Hata kama miguu imekufa ganzi kwa baridi na watoto wanalilia usingizi, sharti upitie mahali kwanza, ukae, ule chochote, umkung'ute marehemu hapo. La sivyo atakufuata nyumanyuma mpaka chumbani kwako, na akishaingia, nani wa kumtoa? Sasa mahali penyewe pa kupitia ni wapi, katika Winnipeg hii, mwezi wa pili, theluji imefika magotini? Wengine walipita dukani wakanunua kahawa. Wenye akili zao walipita kwa Choleng.

Jina lake kamili Soledad Balanay, lakini ukiuliza kwa jina hilo mtaani utaambiwa hayupo. Alikuwa mama lishe, basi. Meza sita, na kabati refu la kioo lenye masinia ya nyama na samaki na tambi. Unanyoosha kidole, unapakuliwa, unaondoka na wali na michuzi miwili kwa bei isiyomtia mtu kilio. Walikula pale Wapunjabi wa teksi, Wavietnamu wa saluni, na Letebrhan, yule Mhabeshi mwenye duka la kahawa ng'ambo ya barabara. Lakini sifa ya Choleng ilikuwa uji: uji wa mchele, mzito, wa kuku na tangawizi nyingi, umwagiwe vitunguu saumu vya kukaanga juu. Huo haukuwekwa kwenye kioo wala kuandikwa ukutani. Nyumba ya mazishi ilikuwa hatua mia mbili kutoka pale, na ukiingia umevaa nyeusi hukuulizwa unataka nini.

Mlangoni alisimama mumewe, Osting, mfupi, kipara, mdomo haujui kufunga.

"Karibuni, karibuni! Kung'uteni viatu, mkung'ute na huyo mliyekuja naye. Mwambieni humu tumejaa!" Kisha akigeukia jikoni: "Choleng! Leo tena tumepata mlaji asiyelipa!"

Watu wakacheka na machozi yao. Yeye na mkewe waliishi juu ya hoteli hiyohiyo, vyumba viwili, na Osting alipenda kusema kwamba marehemu wote wa Sargent wamelundikana huku chini, wamenogewa na uji, mbinguni hawataki tena.

Choleng hakucheka. Kwa jambo hili hakuwa na mzaha hata kidogo. Miaka sita iliyopita, Delfa, mwanamke anayesafisha maofisi, alizika binti yake wa miezi minne. Gari liliposimama mbele ya hoteli, Delfa akakataa kushuka. Choleng akatoka na aproni yake katika theluji, akafungua mlango wa gari, akamshika mkono.

"Shuka."

"Ate, niache. Nataka kwenda nyumbani." Ate ni dada mkubwa, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita.

"Shuka, mwanangu. Mtoto ana njia yake. Ukienda naye nyumbani utamfungia njia."

"Ndiyo ninavyotaka!"

Choleng akamvuta hivyohivyo mpaka mezani, akamlisha kijiko baada ya kijiko kama mgonjwa, na Delfa akala, machozi yakichuruzikia bakulini. Alipomaliza akasema, "Ate, hujui ulichonifanyia." Choleng akapokea neno hilo kama shukrani. Kwa miaka alilisimulia kwa fahari: kama si mimi, yule angerukwa na akili. Lakini wahenga walishasema, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mwaka huu, Alhamisi moja ya mwezi wa kwanza, Osting aliamka kifua kinambana. Siku hiyo kulikuwa na maziko na watu arobaini walitazamiwa kuja. Mpunjabi mmoja wa teksi akajitolea kumpeleka hospitali.

"Twende wote," Osting alisema, na hilo halikuwa la kawaida yake.

"Na hawa watu nimwachie nani? Tangulia. Wakimaliza kula nakuja."

Osting akavaa koti, akasahau kufanya mzaha. Mchana simu ilitetemeka katika mfuko wa aproni. Choleng ameshika upawa, mbele yake mjane anaukodolea uji bila kuugusa. "Kula, dada," alikuwa akimwambia, "kula umwache aende." Simu ikatetemeka tena. Akaiacha. Mara ya tatu ndipo akaitika, na sauti ya kike ikamwuliza kama amekaa kitako.

Baadaye aliangalia simu. Ile ya tatu ilikuwa ya muuguzi. Mbili za kwanza zilikuwa za Osting mwenyewe.

Choleng hakulia. Alizima majiko, akapanda juu, akakaa kitandani na aproni yake. Wifi yake, dada mkubwa wa Osting, aliyekuja kwa ndege kutoka Vancouver, alimkuta hivyo kesho yake. Kumbe Choleng alikuwa na shauri lake. Alikuwa na neno moja la kumwambia mumewe, neno moja tu, na hakupata kulisema. Mtu mwenye mipira ya hewa puani amempigia mara mbili, naye hakuitika. Basi Osting atakuja nyumbani. Yeye aliyewafukuza marehemu wa watu kwa miaka ishirini na miwili, wa kwake atamleta mwenyewe.

Jumamosi ya sala, alfajiri, akabandika sufuria kubwa.

"Wifi, uji wa nini?" aliuliza Pacing, yule dada mkubwa. "Si umefunga hoteli?"

"Wa watu, Manang. Watakuja na njaa." Manang nalo ni dada mkubwa, kwa kilugha cha kwao Osting.

Pacing hakuona kitu. Na watu nao hawakuona. Sala ilipokwisha saa tisa alasiri, walitoka nyumba ya mazishi, wakatembea, na miguu ikakata kona yenyewe kama ilivyozoea. Watu sitini walisongamana kwa Choleng. Walikung'uta viatu mlangoni, wakatazama pale alipozoea kusimama mpokeaji wao, wakainamisha vichwa, wakaingia. Delfa akajifunga kitambaa akasaidia kupakua. Kila mtu akala. Ulikuwa uji mzuri, na wengine walifika bakuli la pili.

Pacing alikuwa amefikisha kijiko mdomoni alipoinua macho akatazama dari. Juu ya dari ile kulikuwa na kitanda alicholalia usiku uliopita.

"Yesu, Maria na Yosefu! Jamani, hapa tuko wapi?"

"Kwa Ate Choleng, Manang," mtu akamjibu.

"Kwa Choleng, kwa Choleng! Hapa si nyumbani kwa Osting? Si juu hapo analala? Tumemleta wenyewe kwa miguu yetu! Nyie watu hamna akili, nami nimo!"

Vijiko vikashuka. Kisha mzee mmoja akasema taratibu, "Basi leo tumemsindikiza mpaka kitandani," na watu wakaangua kicheko, kwa sababu ndivyo Osting mwenyewe angesema, na kicheko kikageuka kilio mumo humo.

"Vaeni makoti!" Pacing akaamuru. "Wote! Tunavuka kwa yule Mhabeshi, tukajikung'ute upya. Acha hilo bakuli wewe, hujashiba tu?"

Wakavuka barabara katika theluji, watu sitini, mmoja na kijiko chake mkononi. Letebrhan aliwaona wakija, akaanza kupanga viti bila kuuliza. Nyuma alibaki Choleng, kasimama kando ya sufuria.

"Wifi, twende."

"Nendeni."

"Choleng!"

"Mmeshamleta, Manang. Mwacheni."

Pacing akatazama sufuria, akamtazama yeye, na ikamwingia. "Ulijua."

"Tangu alfajiri."

"Wajane wa watu umewakokota humu kwa mikono yako hiyo! Leo mdogo wangu unamfungia hapa? Na wewe utafungika naye, nakwambia!"

"Nifungike, Manang. Wewe ulipigiwa simu mara mbili?"

Pacing akatoka akilia.

Choleng alipakua bakuli moja, akaliweka kwenye meza ya pembeni, pale Osting alipokula kila siku wateja wakishaondoka. Akavuta kiti chake kidogo, kama kwa mtu anayekaribia kukaa. Akaketi upande wa pili, akangoja. Friji ikanguruma, ikanyamaza. Jikoni vyombo vililia, na hapo ndipo alipotambua kwamba Delfa hakwenda.

"Nenda nawe, Delfa. Usije ukapata balaa."

"Naosha vyombo, Ate."

Uji ukapoa. Ukaota utando juu. Delfa akaja na bakuli na kitambaa, akakaa meza ya jirani, akifuta.

"Ate, kuna jambo sikukwambia. Siku ile uliponilisha, nilipotoka hapa sikwenda nyumbani. Nilimwambia mume wangu anirudishe kule nyumba ya mazishi, nikamchukue tena mtoto. Nikashuka, nikashika mlango kwa mkono, nikapanda gari, tukaenda nyumbani moja kwa moja. Hatukupita popote."

Choleng akageuka. "Ukanificha miaka sita?"

"Ulikuwa unaisimulia kwa furaha sana. Ningekuvunjaje moyo?"

"Halafu?"

"Nikaacha mlango wa nyuma wazi. Mtoto atafunguaje mlango? Nikauacha mpaka mabomba ya maji yakaganda, mume wangu akanipigia kelele."

"Delfa." Choleng alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Alikuja?"

Delfa alikuwa akilifuta bakuli lilelile, limeshakauka zamani.

"Nilingoja mpaka Pasaka, Ate."

Choleng alitazama kiti. Kilikuwa kiti tu, cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya ambao Osting aliufunga mwenyewe. Humu walikung'utwa marehemu wa mtaa mzima, ambao hakuna aliyewaalika. Huyu mmoja ameitwa, ametengewa bakuli, na hakuna mtu.

Hata hivyo neno lake alilisema. Aliuambia uji, maana hakukuwa na mwingine wa kuambiwa.

"Nilikuwa nakuja, Osting. Watu walikuwa hawajamaliza kula."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti hata ng'ambo kwa Letebrhan wakamsikia, na Pacing akasimama na kikombe chake, asijue avuke au abaki. Delfa alimshika kichwa akakiweka kifuani kwake.

"Nisamehe, mwanangu," Choleng alisema, akilia vilevile. "Nilikuvuta mkono. Nilikuvuta kwa nguvu."

"Na uji wako nilikula, Ate. Nilikuwa na njaa ya siku tatu. Hilo nalo ni kweli."

Choleng alifungua hoteli tena baada ya mwezi. Mlangoni hakuweka mtu. Wiki ya pili ukaja msiba: mke wa Crisanto, dereva wa basi la jiji, mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, mpole. Shemeji zake waliingia, wakakung'uta viatu, wakakaa. Crisanto alibaki nje, kofia mkononi, theluji inamwangukia kichwani. Wakamwita, hakuitika. Hapo watu wakamgeukia Choleng, maana kazi ya kumvuta mtu ilikuwa yake siku zote, na mmoja akasogeza kiti kabisa.

Choleng alichukua makopo mawili yenye vifuniko, akayajaza uji, akamwaga vitunguu saumu juu. Akayafunga kwenye mfuko, akatoka nje na aproni yake.

"Siingii, Ate," Crisanto alisema kabla hajaulizwa. "Nisamehe. Siwezi kumwacha hapa."

"Nani kakwambia uingie? Shika. Hili lako, hili lake. Nenda nyumbani moja kwa moja, usipite popote."

Crisanto akamtazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Nenda, kabla haujapoa," Choleng alimwambia. "Akija, njoo uniambie."

Crisanto alikuja siku ya nne, asubuhi, kabla ya wateja. Alikuwa amevaa sare ya basi. Akaweka makopo mawili juu ya kabati la kioo, yameoshwa yakang'aa, akasimama pale, akatikisa kichwa.

Choleng alizunguka kabati, akaenda meza ya pembeni, akamvutia kiti cha Osting.