Tiara Niliyorusha na Baba Mkwe

Nilipoolewa Mbeya, miaka ya sabini, vitu vyangu vyote kutoka Iringa viliingia kwenye sanduku moja, na nusu ya sanduku lile ilikuwa tiara. Mama yangu mzazi alinisema mpaka akachoka. Bibi harusi gani anakwenda kwa watu na mchezo wa watoto? Lakini haikuwa tiara ya karatasi ile ya uzi mmoja, ambayo ikishapanda huna kazi tena, unaikodolea macho tu. Yangu ilikuwa ya nyuzi mbili, kila mkono na uzi wake, na ilikwenda unakotaka: vuta wa kushoto igeuke kushoto, vuta wa kulia igeuke kulia, iteremshe mpaka ikaribie kufagia majani, halafu uipandishe tena. Kaka yangu, fundi seremala, aliiga ya mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirusha yake jioni kwenye uwanja wa shule. Fito alichonga za mwanzi mkavu, kitambaa alichuna kwenye mwavuli uliokwisha kufa. Alinifundisha mimi kwa sababu rafiki zake walimcheka.

Sasa, mimi ni Mhehe, na niliolewa kwa Wanyakyusa. Mume wangu alikuwa amenieleza mapema, ila kuelezwa ni kitu kimoja na kuishi nacho ni kingine: kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wamegombana. Ni heshima. Akiingia uani, mimi natokea mlango wa nyuma. Nikisikia kikohozi chake njiani, naingia kwenye majani, napiga magoti, nageuza uso, kanga kichwani, mpaka apite. Hatusemeshani. Familia nyingine za mjini zilikwisha kulegeza mambo hayo, hasa watu wa kanisani, lakini mzee huyu hakuwa wa kulegeza. Mwaka wa kwanza wote nilimjua kwa kikohozi na kwa viatu vyake vya matairi.

Kiangazi kilipofika, mahindi yakavunwa na upepo ukaanza kuvuma kwenye shamba la nyuma ya nyumba, mikono ikaniwasha. Nikasubiri siku mzee amekwenda Mwanjelwa sokoni, nikairusha. Nilikuwa katikati ya raha yangu nikasikia kikohozi. Nilitupa nyuzi pale pale, nikakimbilia jikoni, tiara ikaanguka kwenye mabua kama kuku aliyepigwa jiwe. Jioni mama mkwe akanifuata. Nikajua leo narudishwa kwetu.

"Baba yenu anauliza," akasema, "kile kitu kinageukaje?"

Basi ndivyo ilivyoanza. Nilimfundisha mume wangu, naye akamfundisha baba yake, mzee akanogewa, tiara ikawa yake kuliko yangu. Mimi nikabaki fundi. Alikuwa akimaliza anaitundika kwenye nguzo ya zizi, kisha malalamiko yanaletwa na mama mkwe: inalala upande, au haitaki kupanda, au inavuta mno itamng'oa bega. Mimi nachunguza. Ikilala upande, basi uzi mmoja umerefuka kuzidi mwenzake, nazifunga zote kwenye mti, nasawazisha. Upepo ukiwa mwepesi nasogeza fundo la hatamu, zile kamba fupi zinazoshika tiara kifuani, nalipandisha kidogo kuelekea puani. Ukiwa mkali nalishusha. Naitundika tena pale pale. Hakuwahi kuniletea shukrani, ila malalamiko yalikuwa hayaishi, na mimi nilikuwa nayasubiri kwa hamu. Yalinifanya nijione mtu wa nyumba ile.

Kisha mzee akapooza. Upande wote wa kushoto, mkono na mguu. Hospitali walifanya waliloweza wakamrudisha nyumbani, na pale nyumbani akaamua kunyamaza. Alikaa kwenye kiti ameuelekea ukuta. Uji anakunywa vijiko viwili, anafumba mdomo. Hakumgombeza mtu yeyote, na huyo alikuwa mzee ambaye asipogomba asubuhi tunaulizana kama ameamka. Mama mkwe aliniambia wazi, tukichambua mboga: "Mwanangu, huyu ameshaaga. Asipotoka kwenye kile kiti, hamalizi kiangazi hiki."

Nikamwambia basi mzee apelekwe shambani na tiara. Mwanawe amshikie uzi wa kushoto, yeye ashike wa kulia.

Wakajaribu. Mimi nilichungulia kwenye ufa wa ukuta wa jiko, na nilichokiona kiliniuma. Mume wangu, maskini, badala ya kutazama juu alikuwa anamtazama baba yake usoni. Tiara ikazunguka, ikajikita chini. Wakarudia, ikaanguka tena. Mzee akaachia uzi, akasema neno moja, arudishwe kwenye kiti.

Usingizi ulinipotea. Nilijua kabisa mkono unaohitajika pale ni upi, na ulikuwa mkono ambao haukuruhusiwa kuwa karibu naye. Nilikasirika, sifichi. Niliikasirikia ile mila, nikamkasirikia na mzee mwenyewe. Nikamwambia mama mkwe. Vijana walipokuja kukata mabua ya mahindi kwa ajili ya ng'ombe, aliwasimamia mwenyewe, akawaamuru waache mistari miwili imesimama, katikati ya shamba, kufuata upepo. Walimwona amechanganyikiwa.

Siku iliyofuata alasiri mzee aliletwa, akakalishwa kwenye kigoda upande mmoja wa mabua. Mimi nilipita nyuma ya zizi nikasimama upande wa pili, kanga mpaka kwenye nyusi. Yeye haoni ila mabua, mimi sioni ila mabua, na juu yetu sote anga. Mume wangu akaibeba tiara mpaka nyuzi zilipokaza, akaiachia.

Ikapanda. Nikasikia mkono wake kwenye uzi wangu. Sijui niseme vipi: akivuta, wangu unalegea, na ule kulegea ulikuwa ni yeye kabisa, yule yule mwenye haraka na ubishi. Akivuta nampa, akiachia nachukua. Tuliipeleka kulia, tukairudisha, tukaishusha mpaka ikagusa ncha za majani, nikasikia upande ule kikohozi. Nilikuwa nalia, na kufuta machozi siwezi, mikono yote imeshika uzi. Hatukusemeshana. Jua lilipopoa wakamchukua, nami nikazikunja nyuzi polepole, nikiogopa kwenda kusikia kama amekula.

Nilikuwa napuliza moto jikoni mama mkwe alipoingia. Alikaa chini, akaanza kucheka, na machozi yanamtoka.

"Amekasirika," akasema. "Amemaliza uji, kisha akaanza kugomba. Anasema huyo mtu wa kushoto anavuta kama anaburuta mbuzi. Anasema kesho upunguze."