Kaa Chini, Teofili

Mwulize yeyote hapa Ulyankulu, atakwambia Spesioza ni mtu wa watu: mkulima hodari wa tumbaku, mwalimu wa kwaya, mcheshi sokoni. Yote kweli. Lakini ana kinyongo huyo mama, weee! Kinyongo cha kufugwa na kunenepeshwa.

Alikipata utotoni, kwenye sikukuu moja ya Uhuru, akiwa amemshika mkono baba yake, Teofili, aliyekimbia vita Burundi. Wimbo wa taifa ukaanza, watu wakasimama, na Teofili naye akavua kofia akasimama. Kosa lake lilikuwa hilo tu. Masolwa, kijana aliyekuwa akipanga watu uwanjani, akamkandamiza bega mpaka akaketi kwenye tope.

"Kaa chini, mkimbizi! Wimbo huu si wenu."

Watu wakacheka. Teofili hakukanyaga tena uwanja ule, na uraia wa Tanzania ulipokuja ulimkuta kaburini. Spesioza akaupata yeye. Siku ya kuapa wenzake walilia kwa furaha. Yeye alikuwa anamwaza Masolwa. Nitakupata tu, alisema moyoni.

Tisa Disemba iliyopita akampata. Kwaya yake ndiyo iliyopewa wimbo wa taifa, na Masolwa, sasa mzee wa magoti mabovu, alikuwa ameketi mbele kabisa chini ya turubai la wazee. Spesioza akainua mikono. Umati ukasimama. Masolwa naye akajiinua kwa mkongojo wake, maana nani atakaa wimbo wa taifa ukiimbwa?

Basi mama akauvuta wimbo ule kama anayevuta ng'ombe mkaidi. Beti zikaisha, akazungusha mkono: rudieni. Esperansi wa sauti ya kwanza akamtolea macho, lakini akaimba. Angefanyaje? Kwaya haibishani na mwalimu wake hadharani. Magoti ya mzee yakaanza kutetemeka, jasho likamtoka, na Spesioza, Mungu amsamehe, alisikia utamu. Wakarudia tena. Mgeni rasmi alidhani ndiyo ratiba.

Wimbo ulipokoma, Masolwa alianguka kitini. Spesioza akamfuata palepale, akamwinamia sikioni.

"Kaa chini, mzee. Wimbo huu si wenu."

Maneno hayo alikuwa ameyatunza maisha yake yote. Masolwa akamtazama huku akihema, kisha akatabasamu.

"Asante, mwanangu. Mmeimba vizuri. Wewe binti wa nani vile?"

Hee! Mzee hakumbuki. Si kofia, si tope, si kicheko cha watu. Spesioza akaona uchungu umerudi upya, kama wa siku ile ile.

"Wa Teofili."

"Teofili gani?"

Mkongojo ulikuwa umeanguka. Spesioza akauokota, akamrudishia mkononi, akamkaza vidole juu yake kimoja kimoja.

"Ushike vizuri," akamwambia. "Mwakani nitakusimamisha tena. Na mwaka unaofuata. Mpaka umkumbuke."