Uso wa Nabwile kwa Rangi ya Kahawia

Nabwile hakuwa mtu wa kudanganywa ovyo. Kuuza vitunguu sokoni Chwele maisha yake yote kulimfundisha kwamba anayekupaka mafuta sana ana jambo lake. Kwa hiyo Mukhisa, kitindamimba wake, alipofunga kibanda chake cha kuandika mabango kule Kitale, akarudi nyumbani na kumwambia, "Mayi, keti hapo karibu na dirisha nikuchore," mama huyo aliketi, ila moyo wake haukutulia.

Kilichomtia shaka zaidi ni rangi. Mukhisa alikuwa na mikebe tele, nyekundu, buluu, kijani, lakini yote aliiacha imefunikwa. Alitumia kahawia peke yake, mara nzito, mara akaizimua kwa maji mpaka ikakaribia kupotea.

"Mbona mimi hunipaki rangi kama watu?" Nabwile aliuliza.

"Mwalimu Kipkoech, yule alikuwa ananifunza Kitale, alisema niache hizo zingine kwanza. Rangi mingi inadanganya macho. Na moja tu, unaona mwanga inaanguka wapi na giza inajificha wapi."

"Na hiyo mwanga haiwezi angukia ng'ombe?"

Mukhisa alicheka, akaendelea kuchora.

Nabwile hakucheka. Alijua picha kubwa ya uso wa mtu huwekwa wapi siku hizi: kando ya jeneza, ikizungukwa na maua. Tena tangu atoke hospitali alikolazwa kwa ugonjwa wa mapafu, mambo pale nyumbani yalikuwa yamegeuka. Beth, mke wa Mukhisa, aliacha kutia chumvi kwenye mboga. Mara mbili kwa wiki mke na mume walipanda bodaboda kwenda Bungoma, ati kununua rangi, wakarudi jioni na kikopo kimoja. Nasike, bintiye aliyeolewa Webuye, alipiga simu kila siku, na Beth aliipokelea nyuma ya choo. Basi daktari amewaambia, aliwaza Nabwile, na hawa wamekula njama kunificha. Alikasirika kweli. Kufa hakukumtisha sana. Kufichwa ndiko kulikomchoma.

Walipokwenda tena Bungoma, aliingia chumbani mwao kuitafuta picha yake, aione kabla waombolezaji hawajaiona. Mezani palikuwa na rundo la karatasi: sufuria, kuku, mlango wa zizi, vyote vya kahawia. Halafu akakuta uso wa mwanamume aliyejichora akijitazama kwenye kioo.

Alichelewa kuutambua. Mara ngapi alikuwa amemtania Mukhisa mbele ya watu kwamba Kitale imemnenepesha? Lakini pale, bila rangi ya ngozi wala shati la maua, ule haukuwa unene. Mwanga uling'aa juu ya kope zilizofura mpaka macho yakabaki mistari, na chini yake kivuli kilijaa kama maji kwenye nyayo za ng'ombe. Mashavu yalikuwa yamevimba, shingo imekonda. Mchoraji hakuwa amejihurumia hata kidogo.

Waliporudi aliwangoja mlangoni, karatasi mkononi.

"Huyu ni mgonjwa," alisema. "Anaugua nini?"

Beth akatazama chini. Mukhisa aliketi kizingitini, akapandisha mkono wa shati, akamwonyesha bandeji. "Ni figo, mayi. Wananisafisha damu na mashine. Tuliogopa kukuambia, na wewe ndio umetoka tu wodi."

"Itapona?"

"Hawajasema."

Nabwile akaketi kando yake, akaushika mkono wake usio na bandeji na kuubana mno. Kifo chake mwenyewe alikuwa amekipanga vizuri: gauni, wimbo wa akina mama wa kanisa, hata mahali pa kaburi, karibu na mume wake. Cha huyu mtoto hakuwahi kukiwazia hata siku moja.