Mbali Aliyoiona Baba

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Tafsiri alinipokonya kamusi ya Kiyunani akaifunga. "Kwanza sikiliza watu wanavyosema," akaniambia. Nilinuna kutwa nzima, maana nilikuwa nimetoka chuoni bara na najiona mtaalamu.

Baadaye nikahamishiwa Faza, nitafsiri visa vya Injili kwa lahaja ya visiwani. Mshauri wangu wa lugha alikuwa jirani, Bwana Athman, mtu wa msikitini na msemaji mzuri ajabu. Mwanawe Omari aliuza mashua ya baba bila ruhusa akatokomea Mombasa. Sasa alikuwa amerudi, kajificha kwa shangazi yake Kizingitini, kijiji cha jirani, na haya zilimzuia kuja nyumbani. Baba mtu naye alinyamaza, lakini chakula hakimshuki. Nilimhurumia sana.

Desturi yetu ilikuwa kumsomea msikilizaji rasimu, yaani tafsiri isiyokamilika, kisha naye asimulie alivyoelewa. Nikamsomea kisa cha mwana aliyetapanya mali. Akasimulia kwa lahaja yake, ambayo kuja ni kuya na njia ni ndia: "Mwana akaya hata barazani, akambusu babake mkono, babake akamsamehe."

"Baba ndiye aliyetoka mbio, Bwana Athman."

"Mbio? Mtu mzima? Mzee hukaa barazani kwake. Mwana ndiye ayao."

Nikamweleza kielezi cha Kiyunani, makran, maana yake mbali. Mwana alikuwa angali mbali baba alipomwona. Nilifikiria kulegeza, niandike "alipokaribia", ili mzee wa watu katika kisa asionekane kituko kwa mbio ndefu.

"Mbali kama wapi?" akauliza.

"Mbali ambako mtu mwingine asingemjua ni nani."

"Basi huyo alikuwa akitezama ndia kila siku," akasema polepole. "Weka mbali, Mwalimu. Usipunguze."

Siku chache baadaye tulikuwa barazani na rasimu nyingine. Mwisho kabisa wa njia akatokea mtu anaburuta miguu. Kumbe shangazi alikuwa amemshawishi Omari aje. Mimi nilidhani ni mpita njia. Bwana Athman alisimama, akashika kikoi chake, akakimbia.

Mhakiki Mkuu alipitisha neno letu, "mbali", bila swali. Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii hunipigia simu kuuliza makran ni umbali gani hasa. Nawajibu kama kamusi ilivyo. Lakini moyoni naziona kandambili za Bwana Athman, zimebaki barazani, mwenyewe yuko kule njiani miguu mitupu, amemkumbatia mwanawe.