Tokiko, Sumie na Duka la Wakasugi

Tokiko Mochizuki alianza kazi katika duka la Wakasugi, hapa kwetu Yaizu, siku moja na Sumie Akahori. Wote wawili walikuwa ndio kwanza wamemaliza shule. Walipewa sare za bluu zenye ukosi mweupe, wakapangwa kaunta moja ghorofa ya chini, ile ya skafu na glavu. Mimi nilikuwa chini zaidi, kwenye vyakula, nikiuza mboga za chumvi, na mchana tulikula meza moja kantini. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine Tokiko alinisimulia baadaye, tulipokuwa watu wazima na hatuna tena cha kufichana.

Wakasugi lilianza kama genge la mboga karibu na bandari ya samaki. Tulipoingia sisi lilikuwa jengo la ghorofa tano lenye lifti mbili na mgahawa, na juu ya paa kulikuwa na magari ya umeme ya watoto. Mtu akipeleka zawadi ya mwisho wa mwaka kwa mkubwa wake, ilikuwa lazima iwe imefungwa kwa karatasi ya Wakasugi, ile ya maua ya zambarau, la sivyo alionekana bahili. Kuvaa sare ile lilikuwa jambo la fahari. Mama yake Tokiko, aliyekuwa akipasua samaki kiwandani tangu ujana wake, alipita kila mara mbele ya duka bila haja yoyote, amtazame tu binti yake kupitia kioo.

Tokiko alikuwa hodari. Hakuchelewa, hakukosea chenji, na alijua skafu ipi ya hariri na ipi ya kudanganyia kwa kuigusa tu. Sumie alikuwa mtu wa kucheka. Alifika asubuhi anahema, kitambulisho kimekaa upande, wenzake wameshapanga mstari mlangoni kuwainamia wateja wa kwanza. Lakini wateja walimtaka yeye. Bibi mmoja mwenye fimbo alisimama mbele ya Tokiko, ambaye mikono yake ilikuwa mitupu, akasema, "Asante mwanangu, namngoja yule mchekaji."

"Mchekaji ana watu wawili mbele, bibi."

"Nina haraka gani mimi? Nitakaa."

Akakaa. Tokiko akabaki anakunja skafu ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari.

Mkurugenzi wetu, mtoto wa mzee aliyeanzisha lile genge, alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Alifungua duka mji wa jirani, akafungua la pili, la tatu, halafu siku moja akatukusanya juu ya paa na kututangazia kwamba Wakasugi linakwenda Singapore. Kila ghorofa ingetoa msichana mmoja wa kwenda kuwafundisha wafanyakazi wa kule. Tokiko alikwishaanza kusikiliza masomo ya Kiingereza redioni kabla ya kwenda kazini. Kwa ghorofa ya chini, hakuna aliyekuwa na shaka kwamba atakwenda yeye, na yeye mwenyewe hakuwa na shaka.

Wakaitwa mmoja mmoja kuhojiwa. Swali lilikuwa hilo hilo kwa wote: mteja asiyejua lugha yako amesimama mbele yako, utafanya nini? Tokiko alijibu kwamba atajifunza lugha ya mteja, akatamka na sentensi kadhaa za Kiingereza. Sumie alicheka kwanza, kisha akasema, "Nitamshika mkono nimvalishe glavu. Ikimbana, uso wake utaniambia."

Akachaguliwa Sumie.

Siku ile kantini Tokiko hakugusa wali wake. Sumie akaja na sinia lake, akaketi karibu naye kama kawaida.

"Shoga, mbona umenuna?"

"Sijanuna. Nasikia kule kuna joto la kuua. Na wewe unavyotoka jasho!"

"Basi nitanuka! Nitawafukuza wateja warudi kwako huku."

Watu wakacheka. Tokiko naye akacheka, lakini niliona jinsi alivyobana vijiti vyake.

Wakati huo alikuwepo Kunio, dereva wa gari la mizigo la duka, kijana mtaratibu mwenye masikio makubwa. Watu walikuwa wamemwona na Sumie wakila tambi kwenye kibanda cha stesheni, na kila mtu alidhani lipo jambo. Sumie alipopanda ndege, Tokiko alianza kumpelekea Kunio chai pale mlango wa mizigo. Mwaka haukuisha wakaoana. Tulisema kimoyomoyo kwamba hakumtaka Kunio, alitaka tu kuchukua kitu cha Sumie. Tulikosea nusu. Alimpenda kweli, na hapo ndipo mateso yalipoanza, kwa sababu sasa wivu ulikuwa na milango miwili. Alitamani maisha ya Sumie, na wakati huo huo aliogopa Sumie asije akarudi kumdai Kunio.

Kunio akinyamaza mezani, Tokiko aliuliza, "Unawaza nini?"

"Breki za gari."

"Breki gani hizo za kukufanya utazame dirishani?"

"Za nyuma," Kunio alijibu. Naye alikuwa akisema kweli, maskini.

Kutoka Singapore Wakasugi lilikwenda Hong Kong, likafungua duka la ghorofa tisa, na kwenye ufunguzi foleni ikazunguka jengo zima. Sumie akapandishwa cheo, akawa mkuu wa ghorofa nzima ya mavazi ya kike. Picha yake ilitoka katika gazeti la kampuni, amesimama kando ya mkurugenzi na mkasi wa kukatia utepe, mdomo wazi anacheka. Gazeti lile liliwekwa juu ya meza za kantini. Kila Tokiko alipopita alilifudikiza, na kila nilipopita mimi nililigeuza tena, kwa uchokozi tu.

Mwaka mpya Sumie alikuja nyumbani na zawadi kwa kila mtu. Tokiko aliletewa blauzi ya hariri ya kijani, nzuri ajabu. Tokiko aliipokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru. Hakuivaa hata mara moja. Nilipomuuliza, alisema inamwasha. Ukweli ni kwamba aliijaribu peke yake mbele ya kioo, ikamkaa vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi.

"Na Kunio hajambo?" Sumie aliuliza siku ile, tumeketi nyumbani kwa Tokiko.

"Hajambo. Amelala. Ana homa."

Kunio alikuwa nje anaosha gari, mzima wa afya, na sauti ya maji tuliisikia sote.

Maduka yaliendelea kufunguliwa: Malaysia, Taiwan, mwishowe Shanghai. Ofisi kuu ikahamia Hong Kong. Na kadiri jina lilivyokua huko nje, ndivyo sisi huku tulivyochakaa. Lifti moja iliharibika, wakabandika karatasi ya kuomba radhi, ile karatasi ikageuka rangi. Yale magari ya watoto juu ya paa yalipata kutu. Kando ya barabara kuu kukajengwa duka jipya la bei rahisi lenye maegesho makubwa, na wake wa wavuvi wakahamia huko. Msichana aliyekuwa akiwaendeshea wateja lifti alistaafu, hakuletwa mwingine. Tokiko, aliyekuwa sasa mkuu wa kaunta yake, aliuliza kwenye mkutano kwa nini hatupakiwi hata rangi. Meneja akamjibu, "Bi Tokiko, fedha zinajenga Shanghai. Tuvumilie."

"Zinajengea watu wengine," alisema, na sote tulijua watu wengine ni nani.

Basi mwaka wa tisini na saba, majani ya miti yakianza kubadilika rangi, tulikuwa kantini tunakunywa chai kabla ya kufungua milango. Televisheni ikatangaza kwamba Wakasugi limefilisika. Si duka moja, ni kampuni nzima. Katika picha tuliona milango ya chuma ya Hong Kong imeteremshwa, wafanyakazi wamesimama nje na sare zao.

Tokiko akacheka. Hakikuwa kicheko kidogo. Alicheka hadi akaweka kikombe chini, akasema, "Sasa atarudi na sanduku moja!"

Msichana wa kaunta ya viatu, aliyekuwa na mimba kubwa, alimgeukia. "Nani atarudi, dada? Unamcheka nani? Sisi tunakwenda wapi?"

Nilimwona Tokiko akishika ukosi wa sare yake, anaupapasa, kana kwamba ndiyo kwanza anagundua kwamba amevaa nguo ya duka lile lile. Alitoka nje. Nilimkuta kwenye ngazi za nyuma ameketi, uso umemshuka.

"Nimecheka mbele ya yule mtoto," alisema.

"Umecheka."

"Na bado, Hisayo, ndani yangu kuna kitu kinafurahi. Nifanye nini na hicho kitu?"

Nilimpa chungwa nililokuwa nalo mfukoni tukagawana.

Duka letu liliuza mali yake yote kwa bei ya kutupa. Watu ambao hawakuonekana tangu zamani walijaa hadi ngazini, wakagombania sufuria na kuvutana mashuka. Siku ya mwisho, wakati wa asubuhi, Sumie aliingia. Alikuwa na nywele fupi zenye mvi na viatu vya safari. Hakumsalimu meneja. Alitembea moja kwa moja hadi kaunta ya skafu, akavua koti, akauliza, "Nianzie wapi?"

"Huku ni fujo tupu," Tokiko alimwambia. "Anzia popote."

Waliuza bega kwa bega mpaka jioni kama wasichana. Ghafla akatokea Kunio, amekuja kupakia meza zilizouzwa. Tokiko akaacha alichokuwa akikifanya, akawatazama.

"Ha! Kunio! Nywele umempa nani?" alisema Sumie.

"Nawe umenenepa," alisema Kunio, akainama kwa heshima, akabeba meza yake akaenda zake.

Ndiyo hayo tu. Tokiko akangoja waongeze kitu. Hawakuongeza. Baada ya kuwainamia wateja wa mwisho mlangoni, wengine wakilia, yeye alimvuta Sumie kando.

"Nataka kukuuliza jambo. Ulipokwenda Singapore, Kunio ulimwacha vipi?"

"Nilimwacha? Kwani alikuwa wangu?"

"Mlikuwa mnakula tambi stesheni."

Sumie alifikiri. Alifikiri kwa dhati, nikamwona anatafuta kichwani. "Ah, tambi! Mara mbili, au tatu? Alikuwa ananifundisha kuendesha gari. Nikagonga ukuta, akakata tamaa."

Ungedhani Tokiko angeshusha pumzi. La, alikasirika kuliko siku zote. Ujana wake wote alikuwa amelinda mlango ambao hakuna mtu aliyeufikiria. Jioni ile alimwambia Kunio asimsemeshe, na Kunio, aliyezoea, akaenda kuangalia breki.

Sumie hakukaa Yaizu. Wanawake aliokuwa amewafundisha Hong Kong walichangishana wakakodi kiduka Tuen Mun, huko huko Hong Kong, wakamwita aje awaongoze. Kabla ya kuondoka alikuja kumwomba Tokiko waende wote, hata kwa miezi michache.

"Niwe msaidizi wako?" Tokiko alisema. "Hapana, asante."

Akaenda kufanya kazi katika duka la samaki wakavu la binamu yake, na kwa miaka miwili jina la Sumie halikutajwa. Kunio ndiye aliyechoka. Alichukua pasipoti mbili bila kuuliza, akaziweka mezani. "Twende tukaone," alisema. "Tukiona, labda nitakula kwa amani."

Kiduka chenyewe kilikuwa kimebanwa kati ya duka la dawa na mgahawa wa tambi, hata mlango wake ulikuwa wa kuinamia. Tokiko aliponiambia hivyo niliona jinsi alivyojiandaa kufurahi. Lakini humo ndani, alisema, kila aliyeingia alimwita Sumie dada mkubwa. Watoto walimpandia magotini. Mzee wa duka la dawa alimletea supu bila kuombwa. Sumie alikuwa amepoteza kila kitu, na bado alikuwa na kitu ambacho Tokiko hakukijua jina.

Usiku huo walikula samaki wa mvuke kwenye meza ya mviringo, na katikati ya chakula Tokiko akaweka vijiti chini.

"Sumie, mimi nimekuonea wivu maisha yangu yote."

"Najua."

"Unajua?"

"Kila mtu alijua. Mpishi wa kantini alijua. Ulidhani blauzi ile nilikununulia kwa nini? Nilitaka siku moja unipende."

Kunio alikuwa anachambua miiba, akajifanya hasikii.

"Sasa je?" Sumie aliuliza. "Wivu umekwisha?"

Tokiko alitazama wale wanawake waliozunguka meza, wanavyoongea wote kwa pamoja, wanavyomwekea Sumie nyama ya shavu la samaki, ile tamu kuliko zote, kwenye bakuli lake.

"Bado," alisema.

Sumie alicheka mpaka akapaliwa, wakampiga mgongo.

Jengo la Wakasugi lilibomolewa, siku hizi ni maegesho. Kunio alifariki majira ya baridi yaliyopita. Sumie alikuja kwenye mazishi, akakaa mwezi mzima kwa Tokiko, wakagombana kuhusu chumvi ya supu na upande wa kulalia. Alipoondoka, Tokiko alikuja kwangu kunywa chai.

"Nyumba imekuwa kimya," alisema. Kisha akaongeza kwa uchungu wa kweli, "Unajua majirani wangu wananiuliza yule rafiki yangu mchangamfu atarudi lini? Mimi nimeishi nao miaka thelathini. Yeye mwezi mmoja!"

"Nawe umewajibu nini?"

"Nimewaambia atarudi majira ya kuchipua. Nimeshamwandalia na godoro."