Walikata sketi ya bibi yangu, wanasema nilikubali

Admin, naomba ufiche jina langu, maana bado niko mikononi mwa watu ninaowasema hapa.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, kwetu ni Dirma, Hanang. Nacheza baleti, ile dansi ya kusimama kwa ncha za vidole. Najua wengine mtacheka. Nilifundishwa na mwalimu mgeni shule ya bweni, nikapata nafasi ya kusomea Ulaya, na sasa niko na kampuni ya dansi inayozunguka nchi hadi nchi. Leo jukwaa hili, kesho mchana kutwa kwenye basi, kesho kutwa jukwaa lingine, vidole vimefungwa plasta. Mimi si muongeaji. Hata darasani nilikuwa najua jibu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza na bado sinyooshi mkono. Leo naandika kwa sababu nina hasira ambayo haishuki.

Kabla ya ziara kuanza nilikuja nyumbani likizo. Mtunzi wa dansi yetu, mzee wa rika la babu yangu, alikuwa ametuagiza kila mmoja arudi na kitu cha kwao kilichomfundisha kutembea. Nikamwambia bibi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Nilitegemea atanipa shuka. Akaingia ndani akatoka na sketi yake ya ngozi.

Kwa msioijua, hiyo ni sketi ya mwanamke aliyeolewa, ngozi iliyochanwa nyuzi nyembamba hadi kwenye kifundo cha mguu. Bibi akitembea unaisikia kama mvua ndogo kwenye majani ya mahindi. Msichana haivai.

"Wewe huivai," bibi aliniambia. "Unalala nayo chumba kimoja tu, ili usiogope watu wa huko. Ipake samli, baridi ya huko isiikaushe. Halafu nirudishie. Nataka nifunikwe nayo siku yangu."

Nikasema ndiyo, bibi. Akanitemea mate kidogo kifuani kunibariki.

Siku ya kuonyesha vitu, nilipoifungua tu, mmoja wa wachezaji akaziba pua. "Mtu afungue dirisha, mbuzi ameingia." Wakacheka wote. Yule mzee hakucheka. Aliishika, akaitikisa akasikiliza nyuzi zake, macho yakamng'aa. Nikamweleza ilivyo, kwamba ni ya bibi na haivaliwi na asiyeolewa. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Tunaweza kuitumia kwenye onyesho?"

Jamani, kwetu mtu wa umri ule humwambii hapana usoni. Unanyamaza, unaangalia chini, na yeye kama ni mtu mzima anajua amekataliwa, anabadilisha mazungumzo. Hivyo ndivyo nilivyokataa mambo yote maishani mwangu, na nyumbani hakuna aliyewahi kushindwa kunielewa. Nikanyamaza. Nikaangalia chini. Akasema, "Asante, mwanangu," akaenda nayo. Nikadhani anakwenda kuitazama tu.

Mji uliofuata niliingia chumba cha mavazi nikamkuta yule yule wa mbuzi ameivaa. Wameikata juu ya magoti ili miguu ionekane. Wameipulizia manukato. Na zile nyuzi zilizokatwa, fundi wa mavazi amewagawia wachezaji wazifunge mkononi kama bangili, kumbukumbu ya ziara. Mmoja amefunga wake kwenye zipu ya begi.

Nilikwenda kwa yule mzee. Kwa mara ya kwanza nilimwangalia usoni mtu wa rika lile.

"Umekata nguo ya bibi yangu."

"Nilikuuliza, tena mbele ya wote. Ulisema hapana?"

"Sikusema ndiyo."

"Ulinyamaza. Halafu hebu tazama ilivyopendeza. Bibi yako angejivunia."

Bibi yangu. Hamjui hata jina, anajua atakachojivunia. Eti wakanipa tiketi ya bure ya onyesho nimtumie bibi, kama vile kutoka Dirma hadi huku ni kwenda gulioni Katesh.

Nikampigia mama. Na yeye alishaiona picha ya tangazo kwenye simu, akaitambua. "Mwanangu, vumilia umalize," akasema. "Usimwambie bibi yako, utamuua. Tutamtengenezea nyingine." Hilo nalo lilinichoma. Nyingine ataivaa nani miaka yote hiyo mpaka ilie kama ile?

Juzi bibi mwenyewe aliomba simu ya mama. Nikamwamkia, shikamoo bibi, akaitikia marahaba, hata habari za dansi hakuuliza. "Sketi yangu unaipaka samli?" Nikasema naipaka. Akasema, "Sauti yako ni kavu. Jipake na wewe." Mama akachukua simu haraka.

Tangu siku ile nawafuata mmoja mmoja nadai nyuzi. Wengine wanatoa, wengine wananiambia nisiwe mtoto. Nilizopata nimezifunga kwenye soksi, nazipaka siagi ya mezani kwa sababu samli sina.

Jumamosi ni onyesho la mwisho. Sketi inakaa kwenye sanduku la mavazi, na hawalifungi. Nikiichukua nikaondoka, mkataba wa mwaka kesho sitauona, na sina pengine pa kuchezea. Nikibaki, nitasimama nyuma ya yule wa mbuzi, nikitabasamu, huku nyuzi za bibi zinalia kwenye kiuno chake. Na hata nikiichukua, nitarudi Dirma na nusu sketi na soksi moja.

Msiniambie nisamehe, hilo sikuuliza. Naomba ushauri kwa mambo mawili, hasa kwa wanawake wa kwetu mnaoijua nguo hii. Jumamosi nipande jukwaani au nisipande? Na bibi nimwambie mwenyewe angali hai, au nisubiri aje afunikwe na kitu ambacho hakimfiki hata magotini?